Damu Inapotuama

Kaa hapa, Ithungu, benchi hili lina mguu mfupi, usishtuke.
Damu yako nimeisimamisha kwenye mrija mwembamba
kama mwanafunzi aliyeambiwa asitikisike.
Saa moja. Umeme umekatika tangu alfajiri
lakini kipimo hiki hakijali:
damu huzama kwa uzito wake,
na uzito hauhitaji umeme.

Uliniambia mengi kabla ya sindano.
Kwamba sokoni Mpondwe ulishindwa kuhesabu noti,
za Kongo na za kwetu,
si kwa akili, kwa vidole.
Kwamba nguo za watoto unazikamua kwa viwiko.
Kwamba pete aliikata fundi baiskeli kwa msumeno
na mumeo hakusema neno siku mbili.
Kwamba asubuhi mikono ni ya mtu mwingine,
umeazimwa,
hadi umande ukauke juu ya mibuni
ndipo unaporudishiwa yako.

Mara tatu wamekupa dawa ya malaria.
Mara moja jirani akakupeleka kwa mtu
aliyekuchanja vifundo na kupaka majivu.
Sikucheka.
Nami nimewahi kukosea, tena karatasi ikiwa mkononi.

Mwaka juzi, mzee Masereka, magoti.
Kipimo kikasema chanya, nami nikaandika jina la ugonjwa
kwa kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini yake.
Kikohozi chake nilikisikia. Sikukisikiliza.
Kilikuwa kifua kikuu.
Alitibiwa kwingine, akapona.
Bado hunisalimia barabarani, kwa kirefu,
anaulizia hata mbuzi wangu,
na hiyo ndiyo adhabu.

Sasa tazama kisahani hiki cheusi.
Tone la maji ya damu yako, la njano.
Tone jingine, jeupe kama maziwa.
Nakizungusha polepole, dakika mbili,
kama anayebembeleza mtoto wa mwenzake.
Kingekuwa na neno, weupe ungekatika,
ungejaa chembechembe kama maziwa yaliyolala.
Haukatiki.
Laini, laini hadi ukingoni.

Hasi.

Unaniuliza, huku umeanza kukusanya kanga yako:
basi sina?

Kaa. Hasi si hakuna, Ithungu.
Wapo wengi wanaougua na damu yao ikanyamaza.
Nipe mikono.
Hapa, penye mzizi wa kidole cha shahada: joto.
Hapa, cha kati: nikibonyeza panabonyea,
nawe unauma mdomo.
Kushoto vilevile, kana kwamba mkono mmoja
umemfundisha mwenzake.
Wiki ya tisa, umesema.
Wala mapapai hujabeba, wala hujaanguka.

Tunauita baridi yabisi. Ulicheka:
baridi gani, na jua hili la Bwera?
Kweli, jina lina kasoro. Huu ni moto.
Mlinzi wako wa usiku
amemgeukia mwenye nyumba.

Saa imetimia. Nainama kwenye mrija nisome:
juu njano, chini nyekundu imejikusanya,
imeshuka themanini na mbili.
Nao huu hautaji jina.
Unasema kuna kitu kinaungua ndani,
hausemi chumba gani.
Chumba umenionyesha wewe,
uliposhindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji
ukampa mwanao bila kumtazama.

Naandika barua ya Fort Portal.
Penye kipimo naandika hasi, sitadanganya.
Kipo kingine, kikali zaidi, huko watakitafuta,
na hata hicho kikinyamaza wasikutume nyumbani.
Kwa hiyo chini, kwa herufi zinazovuka mstari:
VIDOLE VIMEVIMBA. PANDE ZOTE. WIKI TISA.
MSINGOJE DAMU IKUBALI.

Kiungo kikishaliwa hakiroti tena.
Nenda wiki hii, kabla ya mavuno;
nauli zungumza na chama, nami nitazungumza na mumeo.

Karatasi ndiyo hii. Hapana,
usihangaike kuikunja.
Niachie, niikunje mimi.